SU Lyncis: nyota simbiotiki iliyojificha mchana kweupe

Hadi mwaka 2016 SU Lyncis ilikuwa nyota isiyo na habari. Iliandikwa kwenye orodha za nyota badilifu kama jitu jekundu la daraja la M (kundi la nyota baridi) linalopwita bila mpangilio kamili, basi. Majitu ya namna hiyo yamejaa angani. Ung'avu wake ni wa daraja la 8 hivi, kwa hiyo macho matupu hayaifikii, lakini darubini ya macho mawili inatosha kabisa. Kwa vipimo vya setilaiti ya Hipparcos iko umbali wa parseki 640 hivi, sawa na miaka ya nuru kama 2,100, ambao kwa ukubwa wa Njia Nyeupe ni jirani. Haijafunikwa na wingu la vumbi wala haikujazana na nyota nyingine. Imekaa peupe, ikapimwa na kupimwa tena, na hakuna aliyegundua kwamba ina mwenzake.

Kisa hiki kina uzito kuliko nyota yenyewe, kwa sababu kilichoshindikana hapa si macho ya wanaastronomia. Kigezo walichokuwa wakikitumia kutambua nyota simbiotiki ndicho kilichowapitisha mbele ya mlango bila kubisha hodi.

Kigezo kilikotoka

Nyota simbiotiki ni mfumo wa nyota mbili zinazozungukana: jitu jekundu lililozeeka na kuvimba, na pembeni yake kiini kidogo chenye joto kali, mara nyingi kibete cheupe (mabaki ya nyota iliyokwisha kuungua), mara chache nyota ya nyutroni. Jitu linapoteza gesi kwa upepo wake, na mwenzake anaidaka sehemu ya gesi hiyo. Kuzungukana kwao ni kwa polepole. Mzunguko mmoja unaweza kuchukua siku mia kadhaa, na kwa baadhi yao miongo mizima.

Mwaka 1932 Paul Merrill na Milton Humason walitangaza nyota tatu za ajabu: CI Cygni, RW Hydrae na AX Persei. Katika spektra ya kila moja, yaani mwanga wake uliotandazwa rangi kwa rangi, kulikuwa na mambo mawili yasiyopatana. Kwanza mikanda ya giza ya oksidi ya titani, molekuli inayoweza kudumu tu kwenye nyota baridi, nyuzi elfu tatu na ushei. Pili mstari mng'avu wa heliamu kwenye nanomita 468.6, ambao hautokei mpaka heliamu inyang'anywe elektroni zake zote mbili, na kazi hiyo inahitaji mionzi kutoka kwenye kitu chenye joto la makumi elfu ya nyuzi. Nyota moja haiwezi kuwa baridi hivyo na moto hivyo kwa wakati mmoja. Ilichukua miaka mingi ya mabishano kabla ya wazo la nyota mbili kukubalika na wengi, lakini njia ya kuzitambua ilizaliwa pale pale: tafuta jitu jekundu lenye mistari ming'avu.

Njia hiyo ilipewa sura rasmi katika katalogi ya mwaka 2000 iliyoongozwa na Krzysztof Belczyński. Ili nyota iingie, ilipaswa kuonyesha alama za jitu baridi, pamoja na mistari ming'avu yenye nguvu ya haidrojeni na heliamu, pamoja na mistari ya ioni (atomi zilizopoteza elektroni) zinazohitaji nishati ya elektronivolti 35 au zaidi, kama ile ya oksijeni iliyopoteza elektroni mbili. Iliyokuwa katikati ya mlipuko iliruhusiwa kuonyesha sura nyingine. Na kulikuwa na pasi ya moja kwa moja: mstari mpana kwenye nanomita 682.5. Mstari huo uliwachosha watu kwa miaka mingi, hadi Hans Martin Schmid alipoeleza mwaka 1989 kwamba ni mwanga wa oksijeni iliyopoteza elektroni tano, unaotoka kwenye urujuanimno (mwanga usioonekana ulio ng'ambo ya rangi ya urujuani) na kutawanywa na atomi za haidrojeni baridi kwenye upepo wa jitu. Unahitaji moto mkali na gesi baridi nyingi viwe pamoja, na nje ya nyota simbiotiki ni nadra mno kuuona. Ukiuona, mjadala umekwisha. Tatizo ni kwamba takriban nusu tu ya nyota simbiotiki zinazojulikana ndizo zinazouonyesha.

Katalogi hiyo ilikuwa na nyota 188 zilizothibitishwa na 30 zinazoshukiwa. Kufikia 2019 hesabu ya zinazojulikana ilifika 323, kati yake 257 zikiwa ndani ya galaksi yetu na zilizobaki kwenye galaksi jirani. Sasa linganisha na makadirio ya idadi halisi katika Njia Nyeupe: yako yanayosema 3,000, yako yanayosema 33,000, yako ya 300,000, na yako ya 400,000. Makadirio yakipishana zaidi ya mara mia moja, ujue hakuna mwenye uhakika ni sehemu gani ya kundi lote aliyoishika mkononi.

Eksirei zilizofichua siri

Setilaiti ya Swift ya NASA ilirushwa Novemba 2004 kuwinda milipuko ya miali ya gama. Kifaa chake kikubwa, BAT, kinakodolea sehemu pana ya anga kikisubiri milipuko hiyo, na wakati kinasubiri kinakusanya eksirei ngumu, yaani zenye nishati kubwa, za kila kitu kinachopita mbele yake. Miaka ikisonga, data hizo zikijumlishwa, hata vyanzo hafifu vinaanza kujitokeza. Katika katalogi iliyotengenezwa Palermo, Italia, kutokana na data za BAT, kulikuwa na chanzo kimoja kinachoitwa 4PBC J0642.9+5528.

BAT haioni kwa makini. Inakuambia chanzo kiko mtaa gani bila kukuonyesha nyumba. Ndiyo maana Swift ina darubini ya pili ya eksirei laini, yenye uwezo wa kulenga kwa sekunde chache za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi). Ilipoelekezwa pale, chanzo kiliangukia juu ya SU Lyncis.

Hapa mtu makini angesita, na timu ya Koji Mukai, mwanaastronomia wa eksirei wa kituo cha Goddard cha NASA, ilikuwa na sababu ya kusita. Jitu jekundu lililo peke yake halitoi eksirei za nishati hiyo. Huenda basi nyuma ya jitu, mbali kabisa, kuna galaksi yenye shimo jeusi linalokula, na mistari miwili ya kuona imeangukiana kwa bahati tu. Galaksi za namna hiyo ndizo zinazojaza katalogi za BAT. Kuondoa shaka hiyo ndiko kulikohitaji kazi.

Ushahidi wa kwanza ulitoka kwenye urujuanimno. Swift ina pia darubini ndogo ya mwanga wa kawaida na urujuanimno. Jitu la daraja la M katika urujuanimno ni karibu giza tupu, lakini SU Lyncis iling'aa huko kupita kiasi. Tena haikung'aa kwa utulivu: mwanga wake ulikuwa ukipanda na kushuka ndani ya makumi ya dakika. Jitu jekundu ni kubwa kuliko Jua mara mia na zaidi, na haliwezi kubadilika hivyo kwa dakika chache, kwa sababu habari kutoka upande mmoja wake hadi mwingine haisafiri kwa kasi hiyo. Kupepesa kwa namna hii ndiyo sahihi ya diski ya gesi inayozunguka kitu kidogo kizito na kudondokea juu yake kwa mafungu.

Spektra ya eksirei nayo ilisema hivyo hivyo. Ilikuwa ya gesi yenye joto la zaidi ya nyuzi milioni 100, iliyofunikwa na pazia zito la gesi baridi. Ili gesi ifike joto hilo kwa kudondoka tu, lazima idondokee kwenye shimo refu la mvutano. Kibete cheupe chenye tungamo linalokaribia la Jua, kikiwa na ukubwa wa Dunia, kinatosha.

Kimya chake kilitoka wapi

Baada ya hapo ikabaki kuitazama nyota kwa njia ya kizamani. Mwanaastronomia Ulisse Munari na darubini za Asiago, kaskazini mwa Italia, walichukua spektra za mwanga wa kawaida. Katika spektra ya uchambuzi mdogo, ile ambayo ungeitumia kupepeta maelfu ya nyota kwa haraka, SU Lyncis ni jitu la kawaida la daraja la M5.8. Hakuna mstari mng'avu unaokushtua. Ni spektra ambayo mwalimu angewapa wanafunzi kama mfano wa jitu la M.

Ni pale ilipochukuliwa spektra ya uchambuzi mkubwa, inayotanua mwanga hadi mistari myembamba ijitenge, ndipo dalili zikatokea: mstari dhaifu wa haidrojeni, mistari ya kalisi, na mstari wa neoni iliyopoteza elektroni mbili kwenye nanomita 386.9. Huu wa neoni unanifurahisha. Kuipokonya neoni elektroni ya pili kunahitaji elektronivolti 41 hivi, juu ya kile kiwango cha 35 kilichowekwa na katalogi ya 2000. Kwa herufi ya sheria, SU Lyncis ilikuwa na ioni inayotakiwa. Iliangushwa na maneno mawili tu, yale yanayodai mistari ya haidrojeni na heliamu iwe "yenye nguvu".

Udhaifu wa mistari hiyo una maelezo mazuri, na ndiyo sehemu ya kisa iliyonishawishi kuliko zote. Kibete cheupe kinaweza kupata nishati kwa njia mbili. Ya kwanza ni mvutano peke yake: gesi inadondoka, inajigonga, inapata joto, inaachia mwanga. Ya pili ni ya nyuklia: haidrojeni iliyorundikana juu ya kibete inashika na kuungua mfululizo kuwa heliamu. Kwa kibete cha tungamo la Jua, gramu moja ya haidrojeni ikiungua inatoa nishati mara makumi kuliko gramu hiyo hiyo ikidondoka tu. Kibete kinachoungua kinafika mwangaza wa Majua mamia au maelfu, na joto la uso wake la nyuzi laki moja hivi linamwaga urujuanimno mkali hadi upepo mzima wa jitu unawaka. Huko ndiko inakotoka mistari ming'avu ambayo Merrill na Humason waliiona. SU Lyncis haiungui. Inadondokewa tu. Mwanga wa diski yake unamezwa na mwangaza wa jitu, na upepo unaowashwa ni kidogo mno.

Kwa hiyo kigezo cha zamani, ambacho kilidhaniwa kinatambua nyota simbiotiki, kwa kweli kilikuwa kinatambua nyota simbiotiki zinazoungua. Ni sawa na kuhesabu wakazi wa mtaa kwa kusikiliza ni nyumba zipi zina muziki. Mukai na wenzake waliliweka hilo waziwazi katika ripoti yao ya 2016: ikiwa moja iliyojificha iko karibu hivi, na ikagunduliwa kwa sababu tu eksirei zake zilikuwa kali kiasi cha kuonwa na BAT, basi zilizojificha zaidi lazima ni nyingi. SU Lyncis iligunduliwa kwa eksirei ngumu bila kuwahi kushukiwa kwa mistari yake. T Coronae Borealis, RT Crucis na CH Cygni nazo hutoa eksirei ngumu, lakini zilishajulikana kuwa simbiotiki kabla.

Wanaosema hizi za kimya ni wadogo wasio na maana waitazame T Coronae Borealis. Hiyo nayo kwa kawaida inadondokewa bila kuungua, na ndiyo iliyolipuka mwaka 1866 na tena 1946 hadi ikaonekana kwa macho matupu. Au RS Ophiuchi, ambayo ilipolipuka Agosti 2021, darubini za H.E.S.S. huko Namibia ziliunasa mlipuko huo katika miali ya gama yenye nishati kubwa mno. Vyote hivyo ni vibete vizito, karibu na kikomo cha tungamo la Majua 1.4 ambapo kibete kinaweza kulipuka chote kuwa supanova ya aina ya Ia. Haidrojeni inayojikusanya bila kuungua ndiyo inayokuja kulipuka kwa mkupuo. Ukiwaondoa wakimya kwenye hesabu, umeondoa hasa wale ambao mtafiti wa supanova angetaka kuwajua.

Baada ya 2016

Setilaiti ya India, AstroSat, baadaye iliichukua SU Lyncis spektra ya urujuanimno, na huko mistari ming'avu ya kaboni na silikoni zilizopoteza elektroni tatu ilionekana wazi, kama ilivyo kwa nyota simbiotiki za kawaida. Alama zilizokosekana kwenye mwanga wa macho zilikuwepo, ila upande wa spektra ambao hewa ya Dunia inauzuia.

Jambo lililofuata ndilo lililoleta utata zaidi. Ufuatiliaji wa miaka kadhaa kwa mwanga wa kawaida ulionyesha kwamba hata ile mistari dhaifu haikai. Inaongezeka, inapungua, na kuna vipindi inapotea kabisa. Aliyeichukua spektra katika kipindi kibaya, hata kwa chombo kizuri, angeandika "jitu jekundu la kawaida" na angekuwa amesema kweli kuhusu alichokiona. Jibu la swali "hii ni simbiotiki?" likawa linategemea umeuliza lini.

Katika kutafuta wenzake, hatua kubwa zaidi ilifanywa mwaka 2021 na timu ya Munari wakitumia GALAH, mradi wa Australia uliochukua spektra za uchambuzi mkubwa za nyota za kusini. Kati ya nyota 600,255 zilizokuwa zimepimwa, walitafuta majitu ya M yenye haidrojeni inayong'aa, wakayachuja, wakapata 33 wanaoonekana kuwa simbiotiki wa kudondokewa tu. Mradi mmoja huo uliongeza sana idadi ya wanaoshukiwa kuwa wa aina hiyo.

Hata hivyo lazima niseme neno la tahadhari, maana kigezo kikilegezwa mno nacho kinaharibu. Jitu linalopwita kwa nguvu, kama Mira, hujitengenezea mistari ya haidrojeni kwa mawimbi ya mshtuko ndani ya anga lake, bila mwenzi yeyote. Urujuanimno wa ziada unaweza kutoka kwa mwenzi ambaye ni nyota ya kawaida ya daraja la A, asiyedaka chochote. Nebula za kisayari (magamba ya gesi yaliyotupwa na nyota zilizozeeka) huchanganywa na nyota simbiotiki mara kwa mara kwa sababu ya kufanana kwa mistari, na kwenye orodha za wanaoshukiwa bado zinafukuzwa moja moja. Ndiyo maana timu ya GALAH haikuridhika na haidrojeni. Walirudi kutafuta mabadiliko ya kasi ya nyota, ziada ya urujuanimno, kupepesa na eksirei. Kwa maoni yangu kupepesa ndiko ushahidi mzito kuliko vingine katika aina hii, kwa kuwa nyota moja haina namna ya kuiga hali hiyo. Tabu yake ni kwamba kunaonekana vizuri kwenye ukingo wa buluu na urujuanimno, mahali ambapo jitu ni hafifu. Ukipima kwa mwanga mwekundu, mwangaza wa jitu unafunika kupepesa huko.

Ningependelea katalogi zijazo ziandike kwa kila nyota ushahidi gani umepatikana na tarehe ulipopatikana, badala ya safu mbili tu za "imethibitishwa" na "inashukiwa". SU Lyncis imeshapita pande zote mbili za mpaka huo bila yenyewe kuacha kuwa kibete na jitu.

Kwa walioko huku kwetu, nyota hii inafika juu zaidi upande wa kaskazini kuanzia usiku wa manane mwanzoni mwa Januari, na mapema zaidi kila wiki hadi Machi. Kutoka Nairobi inapanda nyuzi 33 hivi juu ya upeo, kutoka Dar es Salaam 28. Kwa urefu huo mwanga wake unapita kwenye hewa takriban mara mbili ya ile ya utosini, kwa hiyo kupima kupepesa kwake kwenye ukingo wa urujuanimno ni kazi ya bure. Mstari wa haidrojeni wa nanomita 656.3 ni suala jingine. Hewa hailiumizi sana eneo hilo jekundu, nyota ni ya daraja la 8, na darubini ya sentimita 25 yenye spektrografu ya wapenzi wa astronomia inaufikia. Chuo chenye vifaa hivyo kinaweza kuurudia upimaji huo kila msimu. Wale 33 wa GALAH, kwa kuwa ni wa anga la kusini, wengi wao wanapita juu zaidi kwetu kuliko kwa yeyote aliyeko Asiago.